Marekani – Basketi ya vyuo vikuu: Timu mgeni inajaza ukumbi, mwenyeji anabaki na feza

Siku ya Jumapili tarehe 21 mwezi wa kwanza 2024, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, watu 18,660 waliingia katika ukumbi wa chuo kikuu cha Ohio State kutazama mpira wa kikapu wa wanawake. Haikuwa fainali, wala hapakuwa na kombe la kubeba. Ilikuwa mechi ya kawaida ya ligi, mchana, katikati ya majira ya baridi.

Mchezaji aliyeangaliwa kuliko wote siku ile hakuwa binti wa Ohio. Alikuwa Caitlin Clark, wa timu mgeni ya Iowa. Alifunga pointi 45, lakini wenyeji walishinda 100 kwa 92 kiisha muda wa nyongeza. Wapenzi wa Ohio State walimiminika uwanjani kwa furaha, na mmoja wao akagongana na Clark aliyekuwa akikimbia kutoka. Mchezaji huyo akaanguka chini, ikabidi asaidiwe kuondoka.

Mechi hiyo inaonyesha jambo ambalo viongozi wa michezo ya vyuo vya Marekani wanalijua tangu zamani: timu inayopendwa haijazi ukumbi wake tu, inajaza hata ukumbi wa mwenzake. Na kiisha mechi, wakati taa zinazimwa na hesabu inafanywa, mgeni aliyevuta watu anapanda basi ao ndege kurudi kwao. Feza ya mlangoni inabaki kwa mwenyeji.

Kila walipopita, viti viliisha

Iowa ni jimbo la wakulima wa mahindi katikati ya Marekani. Chuo kikuu chake kiko katika mji mdogo wa Iowa City, na ukumbi wake wa basketi unaingiza watu karibu 15,000. Mbele ya msimu wa 2023-2024 kuanza, tiketi za msimu mzima za timu ya wanawake zilikuwa zimekwisha kuuzwa zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa timu hiyo. Tarehe 15 mwezi wa kumi 2023 ilicheza mechi ya kirafiki na DePaul katika uwanja wazi wa chuo, ule wa futiboli ya Kimarekani, na watu 55,646 wakaja. Hakuna mechi nyingine ya basketi ya wanawake iliyokuwa imekusanya watu wengi namna hiyo.

Lakini hayo yalikuwa nyumbani, mbele ya watu wao. Safarini ndiko mambo yalionekana wazi zaidi. Iowa ilikuwa katika ligi ya Big Ten, ambayo wakati ule ilikuwa na vyuo 14. Mwezi wa kwanza 2024 ilienda kwa Rutgers, karibu na New York: ukumbi wa watu 8,000 ukajaa. Siku tano kiisha hapo ilikuwa kwa Purdue, jimbo la Indiana: watu 14,876. Tarehe 31 ilifika kwa Northwestern, pembeni ya Chicago: viti 7,039, vyote vikachukuliwa.

Mwezi wa pili ukawa vilevile. Kwa Maryland, karibu na Washington, watu walikuwa 17,950. Kwa Nebraska walikuwa 15,042. Kwa Indiana, 17,222. Kwa Minnesota, 14,625. Kumbi hizo zote zimejengwa kubwa juu ya timu za wanaume, na kwa miaka mingi mechi za wanawake zilichezwa humo viti vingi vikiwa tupu.

Inafaa kukumbuka kwamba idadi inayotangazwa katika michezo ya Marekani mara nyingi ni idadi ya tiketi zilizouzwa ao kugawiwa, si ya vichwa vilivyohesabiwa mlangoni. Mtu anaweza kununua tiketi na asije. Lakini kwa safari hizi za Iowa tofauti hiyo haikuwa kubwa: picha za televisheni zilionyesha kumbi zimejaa hadi safu za juu, na watoto wamesimama mapema kando ya uwanja wakiomba sahihi ya Clark.

Watu wa namna tatu

Kwa nini mtu alipe juu ya kumtazama mgeni? Mtu wa Goma ao Bukavu hahitaji maelezo mengi. Anajua namna mji unavyochangamka siku TP Mazembe inapokuja kucheza na timu ya pale. Hata yule ambaye hajakanyaga uwanjani mwaka mzima anatafuta tiketi siku ile.

Katika basketi ya vyuo, wanaojaza ukumbi siku ya mgeni mkubwa wanaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wenyeji wasiokuja siku nyingine. Hao wanamfuata mchezaji ao jina. Wamemwona kwenye televisheni na kwenye simu, na wanajua kwamba atapita katika mji wao mara moja kwa mwaka, pengine mara moja tu katika maisha yake ya chuo. Mwanafunzi anacheza miaka minne, kiisha anaondoka.

Fungu la pili ni wapenzi wa timu mgeni wenyewe. Hapa ukumbi wa nyumbani uliojaa unasaidia: mtu wa Iowa aliyekosa tiketi ya Iowa City alikuwa na njia nyingine, kuingia ndani ya gari na kwenda saa chache hadi Illinois, Nebraska ao Minnesota, majimbo yanayopakana na kwao. Wako pia wale waliosoma Iowa na sasa wanafanya kazi Chicago ao Minneapolis. Kwao timu ndiyo inawafuata walipo. Ndiyo maana katika kumbi nyingi za ugenini rangi nyeusi na manjano ya Iowa ilionekana kila upande.

Fungu la tatu ni wenyeji wanaotaka kuona mkubwa akianguka. Hao hawaji kumshangilia Clark. Wanakuja kumzomea, na kesho yake waweze kusema kwamba walikuwepo.

Nebraska ilionyesha mafungu yote matatu mahali pamoja. Tarehe 11 mwezi wa pili 2024 Clark alikuwa anatafuta pointi 39 ili apite rekodi ya wanawake wa vyuo, ambayo ilikuwa 3,527. Alifikisha 31 mbele ya robo ya mwisho kuanza. Katika robo hiyo hakufunga hata moja. Nebraska, iliyokuwa nyuma kwa pointi 14, ilipanda na kushinda 82 kwa 79. Waliokuja kuona rekodi waliikosa kwa pointi nane. Waliokuja kuona mkubwa akianguka walirudi nyumbani wakiimba. Siku nne kiisha hapo, mbele ya watu wake, Clark alifunga pointi 49 dhidi ya Michigan na rekodi ikawa yake.

Kuna jambo lingine katika hesabu za msimu ule. Iowa ilipoteza mechi tatu tu za ligi: kwa Ohio State, kwa Nebraska na kwa Indiana. Zote tatu zilikuwa ugenini, katika ukumbi uliojaa. Mgeni anayejaza ukumbi anamletea mwenyeji tiketi na vilevile sauti ya kumsukuma mbele.

Pale ambapo ukumbi umejaa kila siku

Nguvu hii ya mgeni haiko sawa kila mahali. Inaonekana pale ambapo kuna viti tupu. Chuo cha Kansas kina ukumbi wa watu zaidi ya 15,000, na kwa timu yake ya wanaume viti hivyo vinajaa mechi baada ya mechi, hata anapokuja mgeni asiyejulikana. Timu kubwa ikienda huko haiwezi kuongeza hata mtu mmoja. Kinachopanda ni bei ya tiketi kati ya wanaouziana wao kwa wao.

Tarehe 29 mwezi wa kwanza 2022 mgeni wa Kansas alikuwa Kentucky, na katikati ya timu hiyo alisimama kijana wa Congo. Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1999, alifunga pointi 17 na kukamata ribaundi 14, ni kusema mipira inayodunda kutoka kwenye kikapu. Kentucky ilishinda 80 kwa 62. Mwisho wa msimu huo, akiwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa kila mechi, Tshiebwe alitangazwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote vya Marekani.

Kentucky ni moja kati ya timu zinazosafiri na watu wengi kuliko zote. Imekuwa bingwa wa wanaume mara nane, na jimbo lake halina timu ya NBA ya kuwagawanya wapenzi. Mashindano ya ligi yake ya SEC yakifanyika Atlanta, watu wa rangi ya buluu wanajaa barabarani mpaka wameupa mji huo jina la utani, Catlanta, juu ya timu yao inayoitwa Wildcats.

Lakini watu wengi hawafungi pointi. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2022, katika mzunguko wa kwanza wa mashindano ya taifa, Kentucky ilicheza Indianapolis, mji ulio umbali wa saa tatu hivi kwa gari kutoka kwao. Ilikuwa kama nyumba ya pili. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kukamata ribaundi 16. Pamoja na hayo, Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, kilishinda 85 kwa 79 kiisha muda wa nyongeza.

Feza inaenda wapi

Katika mechi za ligi, kwa kawaida mwenyeji ndiye anayebaki na feza ya tiketi. Anaongeza humo feza ya kuegesha magari, ya chakula, ya vinywaji na ya nguo za timu. Mgeni anajilipia safari na hoteli. Usawa unatafutwa katika kupokezana: leo mimi naja kwako, siku nyingine wewe unakuja kwangu. Lakini pale ambapo timu moja ina nyota na nyingine haina, kupokezana hakuwi sawa.

Vyuo vingine vina ujanja wao. Vinaunganisha tiketi ya mechi kubwa na za mechi mbili ao tatu ndogo: anayetaka kumwona mgeni maarufu sharti anunue zote. Vingine vinapandisha bei kufuatana na jina la mgeni. Lengo ni kumfanya yule aliyekuja mara moja arudi tena wakati nyota ameshakwenda.

Nje ya ligi mambo yanageuka. Timu kubwa haitaki kwenda katika ukumbi mdogo, kwa sababu inapata zaidi ikicheza nyumbani. Kwa hiyo inamlipa mdogo makumi ya maelfu ya dola aje kwake, na mara nyingi apigwe. Mpango huo una hatari yake. Mwezi wa kumi na moja 2019, Kentucky, iliyokuwa ya kwanza kwa ubora katika nchi nzima, ilikilipa chuo cha Evansville dola 90,000 kije Lexington. Evansville ilishinda 67 kwa 64 na kurudi nyumbani na hundi yake.

Anayeumia katika mpango huo ni mpenzi wa basketi wa mji mdogo. Timu yake inapata feza ya kuendesha kazi, lakini yeye hamwoni mkubwa akiingia katika ukumbi wa kwao.

Hesabu ya Jordan, hesabu ya Clark

Wataalamu wa uchumi walikwisha kulitazama jambo hili katika mchezo wa kulipwa. Mwaka wa 1997, Jerry Hausman na Gregory Leonard walitoa uchunguzi juu ya nyota wa NBA. Walikadiria kwamba katika msimu wa 1991-1992 Michael Jordan aliziletea timu zingine, mbali na Chicago Bulls iliyomlipa, karibu dola milioni 53 kwa tiketi, televisheni na bidhaa. Ni kusema, wapinzani walikula matunda ya mti ambao hawakuupanda.

Katika vyuo jambo hili lilionekana hata zamani zaidi. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 1968, UCLA ya Lew Alcindor, ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar, ilienda kucheza na Houston ikiwa imeshinda mechi 47 mfululizo. Wenyeji waliipeleka mechi katika uwanja mkubwa wa Astrodome. Watu 52,693 walikuja, na Houston ilishinda 71 kwa 69.

Clark alipotoka chuoni mwaka wa 2024 na kuingia timu ya Indiana Fever, wapinzani walifanya kama Houston ile. Las Vegas Aces ilihamisha mechi kutoka ukumbi wake wa watu karibu 12,000 hadi ukumbi mkubwa zaidi, na watu 20,366 wakaja. Washington Mystics, ambayo ukumbi wake una viti 4,200, ilihamia katikati ya mji. Tarehe 19 mwezi wa tisa 2024 waliingia watu 20,711, rekodi ya mechi za msimu wa kawaida wa WNBA. Mshahara wa Clark mwaka ule ulikuwa dola 76,535.

Kijana wa Lubumbashi na sheria ya viza

Swali la nani anafaidika lina uzito wa pekee kwa wachezaji wanaotoka Afrika. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo Marekani hakuruhusiwa kupata hata dola moja juu ya jina lake. Dikembe Mutombo, aliyetoka Kinshasa na kucheza Georgetown mpaka mwaka wa 1991, alipitia enzi hiyo. Tarehe 1 mwezi wa saba 2021 mlango ulifunguliwa: wanafunzi wakaruhusiwa kusaini mikataba ya matangazo. Clark, akiwa bado chuoni, alifanya kazi na Nike, Gatorade na State Farm.

Kwa Tshiebwe haikuwa rahisi hivyo. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amewekewa mipaka mikali na sheria ya Marekani katika mambo ya kazi. Mchezaji bora wa nchi nzima alikuwa anajaza kumbi, lakini hakuweza kusaini mikataba kama wenzake. Mwezi wa nane 2022, Kentucky ilipoenda kucheza mechi za kirafiki katika visiwa vya Bahamas, alitumia siku hizo za nje ya Marekani kufanya kazi za matangazo ambazo ndani ya nchi zingemletea matatizo. Vijana wa Congo wanaoota kwenda kucheza katika vyuo vya Marekani bado wanakutana na mipaka hiyo.

Upande wa wanawake nao ulikuwa na deni lake. Fainali ya mwezi wa nne 2024, ambayo South Carolina iliishinda Iowa 87 kwa 75, ilitazamwa na watu karibu milioni 18.9 Marekani. Ya wanaume ilitazamwa na milioni 14.8. Hata hivyo, katika mashindano ya wanaume karibu kila mechi ambayo timu inacheza inaiingizia ligi yake karibu dola milioni 2, zinazolipwa kwa muda wa miaka sita. Upande wa wanawake mwaka ule hapakuwa na kitu. Ni mwezi wa kwanza 2025 tu ambapo vyuo vilipiga kura kuanzisha mfuko kama huo kwa wanawake, wenye dola milioni 15 kwa mwaka wa kwanza.

Mabadiliko yameendelea. Tarehe 6 mwezi wa sita 2025 mahakama ilikubali mapatano yanayoruhusu kila chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi karibu dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote, kuanzia mwezi wa saba 2025. Sasa mchezaji anayejaza ukumbi wa nyumbani anaweza kupata sehemu kutoka chuo chake. Kwa ukumbi wa ugenini, hata akiujaza hadi safu ya mwisho, mapatano hayo hayamdai mwenyeji kumgawia mgeni kitu katika feza ya tiketi.